Mashine ndani ya mashine: mahali salama pa kujaribia kazi kabla ya kuipeleka kwenye wingu



Miaka hii makanisa yetu mengi yameanza kuhamisha kazi zao kutoka kwenye madaftari na kuziweka katika kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema. Parokia inataka orodha ya waliobatizwa na waliofunga ndoa. Shule inataka majina ya wanafunzi na malipo yao. Kituo cha afya kinataka kujua dawa zilizobaki. Kwa hiyo vijana waliosoma informatiki wanaitwa mbele ya wazee na kuambiwa: «Tutengenezee programu.»

Ni jambo jema, na tunamshukuru Mungu kwa vijana hao. Lakini kuna swali ambalo wazee huwa hawaulizi, na vijana huwa hawalisemi: programu hiyo itajaribiwa wapi? Mara nyingi inajaribiwa palepale inapotumika, juu ya majina ya watu halisi, katika kompyuta moja ambayo karani anaitumia kuandika barua za kanisa.

Kwetu daftari la kanisa si karatasi tu. Mtu aliyekimbia vita akaacha nyumba na kila kilichomo anaweza kufika mahali pageni bila hati hata moja. Akitaka kuonyesha kwamba alifunga ndoa, au kwamba mtoto wake ana umri fulani, mara nyingine daftari la ubatizo au la ndoa ndilo shahidi lililobaki. Programu ikikosea na kufuta mistari mia mbili kwa amri moja, si namba zilizopotea. Ni watu waliotukabidhi majina yao.

Ndiyo sababu tunaandika juu ya mashine pepe. Ni njia ya kuwapa watengenezaji wa programu mahali pa kuvunja, kurekebisha na kuvunja tena, bila kumgusa mtu yeyote. Chombo hiki hakina bei, kinafanya kazi katika kompyuta za kawaida, na kijana mwenye subira anaweza kujifunza kukitumia kwa siku chache.

Mashine pepe ni nini?

Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, diski yake na kadi yake ya mtandao, lakini vyote hivyo ni sehemu tu ya vifaa vya ile kompyuta kubwa. Ukiifungua unaona dirisha, na ndani ya dirisha kuna mfumo mwingine kabisa unaowaka. Nje ni Windows ya karani, ndani ni Linux ya mtengenezaji. Ya ndani ikiharibika, ya nje haijui.

Watu wa kazi hii wanaita kompyuta ya nje mwenyeji, na ile ya ndani mgeni. Ni maneno mazuri kwetu, maana tunajua mgeni anavyopokelewa: anapewa chumba na sahani yake, lakini hapewi funguo za nyumba yote. Programu inayogawa vyumba na kuhakikisha mgeni mmoja haingii cha mwenzake inaitwa haipavaiza. Iliyo rahisi kwa mtu anayeanza ni VirtualBox, ambayo ni ya bure. Katika Linux kuna KVM, iliyoingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2007.

Wazo lenyewe si jipya. Katika miaka ya 1960, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watu wa IBM walitengeneza mfumo uliogawa mashine moja kubwa na ya bei kali ili kila mtumiaji aone kama ana mashine yake peke yake. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370 kwa wateja wake. Kompyuta ndogo za mezani zilichukua muda kufika hapo, kwa kuwa prosesa zao hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kuanzia 2005 na 2006, Intel na AMD waliweka ndani ya prosesa zao uwezo wa pekee wa kubeba mashine pepe: ule wa Intel unaitwa VT-x, ule wa AMD unaitwa AMD-V. Tutarudi kwenye majina haya, maana matatizo mengi ya mwanzo yanatoka hapo.

Na wingu je?

Wingu halipo angani. Ni nyumba kubwa zilizojaa mashine, zenye umeme usiokatika na njia pana za intaneti. Tangu 2006, Amazon ilipoanza kukodisha mashine zake kwa saa, mtu yeyote anaweza kulipia sehemu ndogo ya mashine hizo. Nyumba za namna hiyo zilizo karibu nasi ziko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua zake mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024.

Na ile seva unayokodi huko, mara nyingi, ni mashine pepe. Kwa hiyo mashine pepe iliyo katika kompyuta yako ni ndugu mdogo wa ile ya wingu. Ukiijenga ifanane na kaka yake, mfumo uleule na toleo lilelile, programu inayotembea vizuri kwako itatembea vizuri na kule. Usipoijenga hivyo, utakutana na mambo ya kushangaza. Tutaje matatu.

La kwanza ni herufi. Kwa kawaida Windows haitofautishi faili inayoitwa «Ubatizo» na ile inayoitwa «ubatizo». Linux inatofautisha. Programu iliyofanya kazi mwaka mzima katika kompyuta ya Windows inaweza kukataa siku ya kwanza kwenye seva, kwa sababu ya herufi moja kubwa.

La pili ni mwisho wa mstari. Windows inamaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa alama moja. Faili ya amri iliyoandikwa upande mmoja ikipelekwa upande wa pili, inaweza kukataa kuendeshwa, na macho hayaoni kosa lolote.

La tatu linatuhusu sisi Wakongo zaidi. Inchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, UTC, na mashariki, Goma na Lubumbashi, ziko saa mbili mbele. Seva za wingu kwa kawaida zinafuata UTC yenyewe. Mtoto aliyezaliwa katika kituo cha afya Goma nusu saa baada ya usiku wa manane, tarehe 10, kwa saa ya Kinshasa bado ni tarehe 9, na kwa saa ya seva pia ni tarehe 9. Programu isiyojaribiwa mahali panapofanana na seva itaandika tarehe ya kuzaliwa isiyo ya kweli, na hakuna atakayejua mpaka mtoto aende kuandikishwa shuleni. Basi saa za matukio zihifadhiwe kwa UTC na kuonyeshwa kwa saa ya mahali. Na tarehe ya kuzaliwa ihifadhiwe kama tarehe tu, isigeuzwe.

Kuhesabu gharama kabla ya kujenga

Katika Luka 14, Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza anaketi na kuhesabu kama ana vya kutosha kuumaliza. Ujenzi wa mashine pepe unaanza hivyo hivyo.

Angalia kumbukumbu ya kompyuta, ile wanayoiita RAM. Yenye GB 4 itabeba mgeni mmoja mdogo asiye na picha, kwa shida. Yenye GB 8 inatosha kwa kazi nyingi: mpe mgeni GB 2, mwenyeji abaki na zake. Usimpe mgeni zaidi ya nusu. Mwenyeji akikosa kumbukumbu, wote wawili wanakwama pamoja.

Angalia nafasi ya diski. Mgeni wa Linux asiye na dirisha la picha anahitaji kama GB 20 au 25. Chagua diski inayokua kidogo kidogo, ili isichukue nafasi yote siku ya kwanza. Jua tu kwamba inakua, lakini haipungui yenyewe hata ukifuta faili ndani yake.

Angalia prosesa. Katika Windows, fungua kidhibiti cha kazi, sehemu ya utendaji, utaona kama uwezo wa mashine pepe umewashwa. Katika Linux, andika `lscpu` na utafute VT-x au AMD-V. Kumbuka pia aina ya prosesa: kompyuta za Apple zenye chipu za M zina lugha tofauti na prosesa za Intel na AMD, na mgeni aliyetengenezwa kwa lugha moja hawezi kuendeshwa moja kwa moja kwenye nyingine.

Mwisho, hesabu mega. Faili ya kusimika Ubuntu Server ina zaidi ya GB 1, na kwa bei ya intaneti yetu hilo si jambo dogo. Mtu mmoja aipakue mara moja, usiku au mahali penye mtandao mzuri, kisha wengine wainakili kwa flashi. Lakini hakikisheni alama yake ya ukaguzi: watengenezaji wa Ubuntu wanaweka wazi namba ndefu inayoitwa SHA256, na amri moja inaonyesha kama nakala yenu ni kamili. Faili iliyokatika katikati ya upakuaji inaleta matatizo ambayo mtu anaweza kuyatafuta siku tatu bila kuyaona.

Kujenga

Tunapendekeza Ubuntu Server, toleo la muda mrefu, kama 22.04 au 24.04. Kila moja ya hizo inapewa marekebisho ya usalama kwa miaka 5, na inapatikana kwa makampuni yote makubwa ya wingu. Jina lake pia ni letu: ubuntu, katika lugha za kusini mwa Afrika, ni ndugu wa neno utu.

Fungua VirtualBox, tengeneza mashine mpya, ipe jina linaloeleweka, kwa mfano «jaribio-ubatizo», wala si «test3». Ipe prosesa mbili, GB 2 za kumbukumbu na diski ya GB 25. Unganisha faili ya kusimika, washa, na ufuate maswali. Mwishoni kubali kusimika OpenSSH, maana hiyo ndiyo njia utakayotumia kuingia, kama utakavyoingia kwenye seva ya wingu.

Mtandao ndio unaowachanganya wengi, kwa hiyo tuueleze polepole. Kuna njia tatu za kawaida.

Njia ya NAT ndiyo VirtualBox inayoianza nayo. Mgeni anatoka nje kupitia mwenyeji, kama mtoto anayetuma barua kwa jina la baba. Anaweza kupakua vitu kwenye intaneti, lakini wa nje hawezi kumgongea mlango. Mgeni anapewa anwani 10.0.2.15, na ukiitafuta anwani hiyo kutoka kwa mwenyeji hutaipata. Ili kumfikia, fungua tundu la pekee: mwambie mwenyeji kwamba anayebisha porti 2222 apelekwe porti 22 ya mgeni, na anayebisha 8080 apelekwe 80.

Njia ya daraja inampa mgeni anwani yake katika mtandao wa ofisi, kama kompyuta nyingine. Ni nzuri mkitaka kompyuta zote za ofisi ziione. Lakini katika mitandao ya Wi-Fi mara nyingi inasumbua, na ukihamia mahali pengine anwani inabadilika.

Njia ya tatu ni mtandao wa mwenyeji tu: mwenyeji na mgeni wanaongea wao kwa wao, hata kama hakuna intaneti kabisa. Kwa VirtualBox anwani zake huanza na 192.168.56. Kwa sisi ambao mtandao unaweza kutoweka siku nzima, ni vizuri kumpa mgeni kadi mbili: moja ya NAT kwa kupakua, na moja ya mwenyeji tu kwa kazi ya kila siku.

Andika maagizo, usitegemee kichwa

Mashine iliyojengwa kwa mkono inajulikana na mtu mmoja. Kijana huyo akihama, akioa mji mwingine, akipata kazi Kinshasa, hakuna anayejua alisimika nini na kwa nini. Kanisa linabaki na sanduku lililofungwa.

Dawa yake ni kuandika maagizo katika faili moja, na mashine ijijenge kwa kuyasoma. Chombo kinachojulikana kwa kazi hii ni Vagrant, kilichoanzishwa na Mitchell Hashimoto mwaka 2010. Unaandika faili inayoitwa Vagrantfile: mfumo gani, kumbukumbu kiasi gani, porti zipi, programu zipi zisimikwe na kwa mpangilio gani. Kisha amri `vagrant up` inajenga yote, na `vagrant destroy` inayabomoa yote. Faili yenyewe ni ya kurasa moja au mbili, inaingia hata katika barua pepe.

Ukishaweza kubomoa mashine yako asubuhi na kuijenga upya kabla ya mchana bila kumwuliza mtu, hapo una mazingira ya kazi. Kabla ya hapo una mashine moja tu yenye bahati.

Ili kuokoa mega, sanduku la msingi linaweza kupelekwa kwa flashi na kusajiliwa kutoka kwenye faili, bila intaneti. Na kama ofisini kuna vijana watano wanaosimika vifurushi vilevile, kompyuta moja inaweza kuwekwa apt-cacher-ng: kifurushi kinapakuliwa mara moja, wengine wanne wanakipata humo ofisini.

Inapokataa: anza chini, panda juu

Mashine ikikataa, wengi wanakimbilia kusimika upya kila kitu. Hiyo inakula siku na mega, na sababu haijulikani, kwa hiyo tatizo linarudi. Sisi tunashauri kufuata mpangilio mmoja kila mara: vifaa, kisha haipavaiza, kisha mfumo wa mgeni, kisha mtandao, na programu yako mwisho. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na uandike ulichobadilisha.

*Mashine haiwaki kabisa, au orodha inaonyesha mifumo ya biti 32 peke yake.* Uwezo wa VT-x au AMD-V umezimwa. Zima kompyuta, iwashe na uingie katika mipangilio ya BIOS (kwa kawaida F2, F10 au Delete), tafuta neno linalohusu uvirtuali, liwashe, hifadhi, toka.

*Inawaka lakini ni nzito mno.* Tazama chini ya dirisha la VirtualBox. Ukiona picha ya kobe, Windows imeshika uwezo wa prosesa kwa ajili ya Hyper-V yake, na VirtualBox imebaki kupita njia ya pembeni. Hyper-V inaweza kuwa imewashwa na WSL 2, na Docker, au na ulinzi wa kumbukumbu wa Windows. Amua chombo kimoja cha kutumia. Kama hakuna kobe, angalia kumbukumbu: ndani ya mgeni andika `free -h`.

*Programu inakufa yenyewe bila kusema neno.* Mara nyingi kumbukumbu imeisha na kiini cha Linux kimechagua mmoja wa kuua ili wengine wapone. Anayechaguliwa huwa ndiye mkubwa, yaani hifadhidata. Andika `dmesg` na utafute maneno yanayosema kumbukumbu imekwisha. Jambo hili linatokea sana kwenye seva ndogo za wingu zenye GB 1. Ongeza faili ya swap, au punguza kumbukumbu ambayo hifadhidata inaruhusiwa kutumia.

*Kila kitu kinakataa kuandika.* Angalia diski kwa `df -h`. Ikiwa imejaa, mara nyingi ni kumbukumbu za matukio zilizokua bila mtu kuzisimamia.

*Upakuaji unakataa na kusema cheti cha tovuti hakifai.* Kabla ya kulaumu tovuti, andika `date`. Kompyuta ikifungwa mgeni akiwa amesimamishwa, saa yake inaweza kubaki nyuma, na kwa mwenye saa ya juzi, cheti cha jana bado hakijaanza. Simika nyongeza za mgeni za VirtualBox, au washa huduma ya kulinganisha saa.

*Programu inaonekana ndani ya mgeni, haionekani kwa mwenyeji.* Uliza inasikiliza wapi. Amri `ss -tlnp` inaonyesha. Ikiwa inasikiliza 127.0.0.1, inajisikiliza yenyewe tu. Iambie isikilize 0.0.0.0. Kisha hakikisha tundu la porti limefunguliwa.

*Umeme umekatika.* Hili tunalijua vizuri. Mgeni anaweza kuamini kwamba ameandika kwenye diski, kumbe maandishi bado yako katika kumbukumbu ya mwenyeji, na yanapotea pamoja na umeme. Kama gurupu haipo na betri ya kompyuta imechoka, usiache hifadhidata ikifanya kazi bila sababu. Ukienda, zima mgeni kwa utaratibu au uhifadhi hali yake. Baada ya kukatika, acha mfumo ukague diski yake kabla ya kuendelea.

Matatizo ya kule wingu

Programu ikishahamia seva ya kukodi, mpangilio ni uleule, lakini milango imeongezeka.

Ukishindwa kuingia na ujumbe ukasema muda umekwisha, mara nyingi ukuta wa moto wa kampuni haujafungua porti 22 kwa anwani yako. Ujumbe ukisema umekataliwa ruhusa, umefika mlangoni lakini ufunguo au jina si lenyewe. Kwa Ubuntu katika Amazon, jina la kuingilia ni «ubuntu», si «root». Na faili ya ufunguo wako lazima isomwe na wewe tu. Ikiwa wazi kwa wengine, SSH inaikataa. Jumbe hizi mbili ni tofauti, na kuzitofautisha kunaokoa saa nyingi.

Ukizima seva ya Amazon na kuiwasha, anwani yake ya nje inabadilika isipokuwa umeomba anwani ya kudumu. Na ukiizima, diski yake inaendelea kulipiwa. Mashine ya jaribio iliyosahauliwa miezi sita inakula sadaka za watu. Wekeni tahadhari ya matumizi siku ya kwanza, na mmoja apewe kazi ya kusoma hesabu kila mwezi.

Picha ya hali si akiba

VirtualBox inaweza kupiga picha ya hali ya mashine, ili ukiharibu urudi nyuma kwa sekunde chache. Ni msaada mkubwa kabla ya jaribio la hatari. Lakini picha hiyo inaandika tu tofauti zilizotokea, na inategemea diski ya awali iliyo katika kompyuta ileile. Kompyuta ikiibwa au diski ikifa, vyote vinakwenda pamoja.

Akiba ya kweli ni nakala ya data yenyewe, iliyotolewa na hifadhidata, ikawekwa mahali pengine: diski ya nje katika nyumba nyingine, na nakala nyingine kwenye wingu. Na akiba ambayo haijawahi kurudishwa bado ni tumaini tu. Hapa mashine pepe inatusaidia kuliko mahali popote: kila mwezi, jenga mgeni mpya, rudisha akiba ndani yake, hesabu waliobatizwa, linganisha na daftari. Namba zikilingana, kanisa linaweza kulala.

Jaribio hilo la akiba lifanywe na watu wachache walioaminiwa, na mgeni huyo abomolewe baadaye. Kwa kazi nyingine zote za kujaribia, tumieni majina ya kubuni. Usinakili orodha ya kweli ya wagonjwa au ya waumini kuiweka katika kompyuta ya kijana inayotembea naye kwenye basi. Tangu 2023 inchi yetu ina Sheria ya Kidijitali inayolinda data za watu. Na hata kabla ya sheria hiyo, mchungaji alijua kwamba aliyoambiwa kwa siri hayatembezwi sokoni.

Maswali manne kwa wazee wa kanisa

Wazee wetu, hamhitaji kujua amri hizi zote. Lakini kijana anapowaletea programu, mwulizeni kwa upole mambo manne. Je, uliijaribu mahali pasipo na majina ya watu wetu? Je, mahali hapo panafanana na seva itakayotumika? Je, mwenzako anaweza kupajenga upya kwa kusoma maagizo yako bila wewe kuwepo? Je, ni lini mara ya mwisho akiba ilirudishwa na kuhesabiwa?

Akijibu ndiyo na kuwapa tarehe, mpeni mkono na mmwombee. Akisita, msimkemee. Mpeni wiki mbili, flashi yenye Ubuntu na mafuta kidogo ya gurupu, ajenge mahali pake pa kujaribia. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kumweleza mama mjane kwamba jina la ndoa yake halionekani tena.

Nanyi vijana, kazi yenu mara nyingi haionekani. Hakuna anayepiga makofi kwa mashine iliyovunjika ndani ya dirisha ili ile ya kweli isivunjike. Lakini aliyeaminiwa kwa kidogo ndiye anayeongezewa, na majina yaliyoandikwa katika madaftari yetu si kitu kidogo mbele za Mungu.

Bwana awabariki na kuzitia nguvu kazi za mikono yenu.